Pipa Lililolala Chini ya Mahindi

Mama yangu alikuwa mama pima, mpishi na muuzaji wa chang'aa. Naandika hili wazi kwa sababu pipa lake ndilo lililonilipia karo hadi kidato cha nne, na ni pipa hilo hilo lililomfundisha kaka yangu kunywa. Historia ya pombe katika mtaa wetu wa Free Area siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama kando.

Kazi yangu utotoni ilikuwa karai. Kangara ya unga wa mahindi na molasi ikishachacha, mama aliwasha kuni, akaning'iniza sufuria ndogo ndani ya pipa, kisha akaziba mdomo wake kwa karai la maji baridi. Mvuke ukigusa kitako cha karai unageuka matone na kudondokea sufuriani. Maji yakipata moto, chang'aa inapotelea hewani. Basi nilikaa hapo na ndoo, nikichota ya moto na kumimina ya baridi, daftari la hesabu likiwa magotini.

Shosho, bibi yangu, hakuipenda kazi hiyo, ingawa yeye mwenyewe alijua kutengeneza muratina. Kwao pombe ya asali au ya miwa ilichachushwa kwa tunda kavu la mti wa muratina, ikanywewa na wazee penye mahari au penye kupatanisha watu. Kijana hakuthubutu kuomba pembe. Majirani zetu Wakalenjin nao walikuwa na maiywek, wazee wakiuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu.

"Pombe ilikuwa na siku yake," shosho alizoea kusema. "Hii ya mamako haina siku."

Siku hiyo ilipotelea wapi? Mashambani, nadhani. Walowezi walipotwaa ardhi ya Bonde la Ufa, watu wakawa vibarua wenye mshahara wa mwezi na wasio na kiwanja cha wazee. Serikali ya kikoloni ilimkataza Mwafrika pombe kali za chupa kwa miongo mingi, na ile ya kienyeji ikataka kibali. Kunywa kukawa kwa kujificha, na anayejificha hunywa haraka.

Nilikuwa na miaka tisa Bunge lilipopitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, mwaka wa 1980. Tangu hapo pipa letu likawa linalala shimoni, chini ya mahindi. Askari walikuja usiku, wengine kuvunja, wengine kunywa bila kulipa. Wapishi wengine (si mama, namshukuru Mungu) wakaanza kuongeza vitu ili ikolee upesi. Mwisho wa njia hiyo nchi nzima iliuona Novemba 2000 kule Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 walipokufa kwa pombe yenye methanoli. Mwaka wa 2010 ikaja sheria ya John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Ilifuta marufuku ya 1980, ikaruhusu chang'aa iliyotengenezwa kwa viwango na kutiwa chupani, na siku za kazi baa zikawa zinafunguliwa saa kumi na moja jioni. Kaka yangu wakati huo alikuwa akitoa loki, yaani kunywa ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana, saa kumi na mbili asubuhi. Sheria zote hizo zilitazama pipa na saa. Hakuna iliyomtazama yeye.

Mtu akitazamwa nilimwona katika filamu ya zamani, The Lost Weekend ya Billy Wilder, ya mwaka wa 1945. Ray Milland anaigiza mwandishi wa New York anayening'iniza chupa ya wiski nje ya dirisha kwa kamba ili nduguye asiione. Niliisimamisha filamu hapo. Kaka yangu alikuwa ameifunga yake kwa uzi wa nailoni ndani ya shimo la choo. Baadaye yule mwandishi anabeba taipureta yake barabarani akitafuta pa kuiweka rehani. Kaka, fundi seremala, aliuza msumeno na randa. Ila mwisho wa filamu siukubali. Jamaa anadondosha sigara ndani ya glasi ya wiski, basi, kapona. Hapa Free Area sijamwona aliyepona hivyo.

Kaka alipona kwenye viti vya plastiki. Chumba cha nyuma cha kanisa, watu saba, chai, kila mmoja akitaja jina moja tu na kuhesabu siku zake. Utaratibu huo ulianzia Akron, Ohio, mwaka wa 1935, pale Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wawili, walipoona kwamba mlevi husikia vizuri zaidi akiongea na mlevi mwenzake. Shosho angeutambua mara moja: watu wazima wamekaa mduara, neno linazunguka, ila mtungi haupo. Kaka alirudia pombe mara mbili. Mara ya tatu, mwaka wa 2013, alishika.

Mama aliacha kupika mwaka huo huo. Pipa lilifukuliwa, likapimwa kwa mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Kaka ndiye aliyelibeba hadi barabarani.