Dikembe Mutombo: Takwimu na tuzo za mlinzi aliyefunga njia ya kikapu

DIKEMBE Mutombo, senta kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo aliyefariki dunia Septemba 30, 2024 akiwa na umri wa miaka 58, alicheza misimu 18 katika ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani (NBA) bila kutwaa ubingwa hata mara moja. Aidha, hakuwahi kuwa mfungaji bora wa ligi hiyo.

Licha ya hayo, jina lake limo katika orodha ya wachezaji walioutawala mchezo huo kwa kiwango ambacho ni wachache waliokifikia. Sababu ni kwamba utawala wake haukuwa wa kufunga bali wa kuzuia, na hesabu za kuzuia ndizo husahaulika kwanza watu wanapoanza kubishana kuhusu nani alikuwa bora.

Kwa mashabiki wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaovuka kuingia kisiwani kutazama timu za Mamlaka ya Bandari (KPA) katika ukumbi wa Makande, kazi ya senta si jambo geni. Huyo ndiye anayesimama chini ya kikapu, kuzima mitupo ya wapinzani na kunasa mipira inayorudi baada ya kugonga ubao, ambayo kwa lugha ya uwanjani huitwa ribaundi. Makala haya yanaeleza jinsi Mutombo alivyoifanya kazi hiyo, msimu baada ya msimu.

KUZALIWA NA MASOMO

Mutombo alizaliwa Juni 25, 1966 jijini Kinshasa. Jina lake kamili lilikuwa Dikembe Mutombo Mpolondo Mukamba Jean-Jacques Wamutombo. Alisoma katika Chuo cha Boboto jijini humo na utotoni alipenda zaidi kandanda, akicheza kama kipa. Mpira wa vikapu aliuanza akiwa tayari kijana mkubwa, jambo linalofaa kukumbukwa na kila mkufunzi anayedhani kuwa asiyeanza mapema hana lake.

Mnamo 1987 alienda Marekani kwa ufadhili wa masomo akinuia kuwa daktari. Katika Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington, kocha John Thompson alimwita kujiunga na timu. Humo alicheza bega kwa bega na Alonzo Mourning, ambaye pia alikuja kuwa senta mashuhuri wa NBA. Katika mechi moja ya mwaka wa 1989 dhidi ya St. John's, Mutombo alizima mitupo 12.

Azma ya udaktari haikutimia. Alihitimu mwaka wa 1991 kwa shahada ya isimu na diplomasia, na mwaka huo huo timu ya Denver Nuggets ikamchagua akiwa wa nne katika drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Alikuwa na kimo cha mita 2.18, huku pete ya kikapu ikiwa mita 3.05 kutoka sakafuni.

SAFARI YA TIMU SITA

Mutombo alicheza jumla ya mechi 1,196 za msimu wa kawaida. Timu alizochezea na idadi ya mechi ni kama ifuatavyo:

Denver Nuggets (1991-1996): mechi 391
Atlanta Hawks (1996-2001): mechi 343
Philadelphia 76ers (2001-2002): mechi 106
New Jersey Nets (2002-2003): mechi 24
New York Knicks (2003-2004): mechi 65
Houston Rockets (2004-2009): mechi 267

Katika mechi hizo alifunga pointi 11,729, akanasa ribaundi 12,359 na kuzima mitupo 3,289. Wastani wake kwa kila mechi ulikuwa pointi 9.8, ribaundi 10.3 na mitupo 2.8 aliyoizima. Alifunga asilimia 51.8 ya mitupo yake uwanjani na asilimia 68.4 ya mitupo huru.

Ribaundi zake zinazidi pointi zake. Hali hiyo si ya kawaida kwa mchezaji aliyeteuliwa mara nane kushiriki mechi ya Nyota wa NBA, na inaonyesha ni kitu gani hasa makocha walikuwa wakikitafuta kwake.

WASTANI KWA KILA MSIMU

Takwimu zifuatazo ni za msimu wa kawaida. Nambari zinafuatana hivi: mechi, pointi, ribaundi, na mitupo aliyoizima kwa kila mechi.

1991-92, Denver: 71, 16.6, 12.3, 3.0
1992-93, Denver: 82, 13.8, 13.0, 3.5
1993-94, Denver: 82, 12.0, 11.8, 4.1
1994-95, Denver: 82, 11.5, 12.5; 3.9
1995-96, Denver: 74, 11.0, 11.8, 4.5
1996-97, Atlanta: 80, 13.3, 11.6, 3.3
1997-98, Atlanta: 82, 13.4, 11.4, 3.4
1998-99, Atlanta: 50, 10.8; 12.2, 2.9
1999-00, Atlanta: 82; 11.5, 14.1, 3.3
2000-01, Atlanta na Philadelphia: 75, 10.0; 13.5; 2.7
2001-02, Philadelphia: 80; 11.5, 10.8, 2.4
2002-03, New Jersey: 24, 5.8, 6.4, 1.5
2003-04, New York: 65, 5.6, 6.7, 1.9
2004-05, Houston: 80; 4.0, 5.3, 1.3
2005-06, Houston: 64, 2.6, 4.8; 0.9
2006-07, Houston: 75, 3.1, 6.5, 1.0
2007-08, Houston: 39, 3.0, 5.1, 1.2
2008-09, Houston: 9, 1.8, 3.7, 1.2

Msimu wa 1998-99 ulikuwa na mechi 50 pekee kwa kila timu kutokana na mgogoro wa mikataba baina ya wamiliki na wachezaji, hivyo Mutombo hakukosa hata mechi moja mwaka huo. Kwa misimu 11 ya kwanza wastani wake wa ribaundi haukushuka chini ya 10.

UZITO WA KUZIMA MTUPO

Kanuni za mchezo haziruhusu mlinzi kuugusa mpira ukiwa umeanza kushuka kuelekea kikapuni. Anayeugusa wakati huo huipa timu pinzani pointi bila jasho. Ndiyo maana kuzima mtupo si suala la urefu pekee. Mlinzi hulazimika kusoma mwili wa mtupaji, kuruka kwa wakati ufaao, na kuufikia mpira ukingali unapanda.

NBA ilianza kuweka hesabu ya mitupo inayozimwa katika msimu wa 1973-74, na kwa hiyo masenta wakongwe kama Bill Russell na Wilt Chamberlain hawamo katika orodha hiyo. Tangu hesabu ianze, anayeongoza ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria, aliyezima mitupo 3,830. Mutombo ni wa pili. Alimpiku Kareem Abdul-Jabbar, mwenye mitupo 3,189, mnamo Januari 2007. Hivyo nafasi mbili za kwanza katika historia ya ligi hiyo ya Marekani zinashikiliwa na wana wa Afrika.

Mutombo aliongoza ligi kwa jumla ya mitupo aliyoizima misimu mitano mfululizo, kuanzia 1993-94 hadi 1997-98. Kwa wastani wa kila mechi, aliongoza mara tatu, miaka ya 1994, 1995 na 1996. Katika ribaundi, aliongoza kwa wastani mwaka wa 2000 na 2001.

Baada ya kuzima mtupo alikuwa na mazoea ya kutikisa kidole cha shahada, kama mzazi anayemkanya mtoto. Ishara hiyo ilipoonekana kuwa dhihaka kwa wapinzani, waamuzi walianza kuiadhibu. Alichofanya ni kuwageukia mashabiki na kuwatikisia wao.

SEATTLE, 1994

Mfululizo uliomtangaza zaidi ni wa duru ya kwanza ya mchujo wa mwaka wa 1994. Seattle SuperSonics walikuwa wameshinda mechi 63 na kuongoza ligi nzima. Denver walishinda 42 na kuingia katika nafasi ya nane, ya mwisho ya kufuzu upande wa Magharibi. Seattle walishinda mechi mbili za kwanza, na ilionekana kwamba mambo yalikuwa yamekwisha.

Denver walishinda tatu zilizofuata, ya mwisho ikiwa ugenini na kuamuliwa kwa muda wa ziada, 98-94. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya NBA kwa timu ya nafasi ya nane kuibwaga ya kwanza. Katika mechi hizo tano Mutombo alizima mitupo 31. Picha yake akiwa amelala chali sakafuni, ameukumbatia mpira kwa mikono miwili huku akilia kwa furaha, ilienea duniani kote. Denver walitolewa katika duru iliyofuata na Utah Jazz baada ya mechi saba.

FAINALI MBILI BILA KOMBE

Februari 2001 Atlanta walimhamishia Philadelphia, ambako alijiunga na Allen Iverson. Timu hiyo ilifika fainali dhidi ya Los Angeles Lakers wa Shaquille O'Neal. Philadelphia walishinda mechi ya kwanza kwa 107-101 baada ya muda wa ziada, na hiyo ikawa mechi pekee ambayo Lakers walipoteza katika mchujo mzima wa mwaka huo. Lakers walishinda nne zilizofuata.

O'Neal alimaliza fainali hiyo kwa wastani wa pointi 33.0. Mutombo, akiwa na umri wa karibu miaka 35, alijibu kwa pointi 16.8 na ribaundi 12.2. Fainali yake ya pili ilikuwa ya mwaka wa 2003 akiwa na New Jersey Nets, waliolazwa na San Antonio Spurs kwa mechi 4-2.

MIAKA YA HOUSTON

Houston alikwenda kuwa msaidizi wa Mchina Yao Ming. Machi 2007, akiwa na umri wa miaka 40, alinasa ribaundi 22 katika mechi moja dhidi ya Denver. Mwaka uliofuata Yao aliumia wakati Houston wakiwa wameshinda mechi 12 mfululizo. Mutombo alichukua nafasi yake na timu ikaendelea kushinda hadi mfululizo huo ukafika mechi 22.

Aprili 2009, katika mechi ya mchujo dhidi ya Portland, aliumia goti na kutangaza kustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 42, mkongwe kuliko wachezaji wote wa ligi msimu huo.

Juni 25 mwaka huo, siku aliyotimiza miaka 43, senta mwingine kutoka ukanda huu, Mtanzania Hasheem Thabeet, aliteuliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika drafti, nafasi mbili juu ya ile ya Mutombo. Thabeet alicheza mechi 224 za NBA kwa wastani wa pointi 2.2. Kulinganisha safari hizo mbili kunaonyesha kuwa kimo na nafasi ya uteuzi ni mwanzo tu. Mechi 1,196 zilihitaji kitu kingine zaidi.

ORODHA YA TUZO

Mlinzi Bora wa Mwaka: mara 4 (1995, 1997, 1998, 2001). Ben Wallace na Rudy Gobert ndio pekee waliofikia idadi hiyo.
Mechi ya Nyota wa NBA: mara 8 (1992, 1995, 1996, 1997, 1998, 2000, 2001, 2002).
Kikosi Bora cha NBA: cha pili 2001, cha tatu 1998 na 2002.
Kikosi Bora cha Ulinzi: cha kwanza 1997, 1998 na 2001, cha pili 1995, 1999 na 2002.
Kikosi cha kwanza cha wachezaji wapya: 1992.
Tuzo ya J. Walter Kennedy ya huduma kwa jamii: 2001 na 2009.
Jumba la Mashujaa wa Mpira wa Vikapu la Naismith: 2015.
Jezi nambari 55 kustaafishwa: Atlanta 2015, Denver 2016.

HOSPITALI YA KINSHASA

Tuzo mbili za huduma kwa jamii zilitokana na kazi iliyofanyika nje ya uwanja. Mwaka wa 1996, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Atlanta, Mutombo aligharamia sare na mahitaji ya timu ya wanawake ya mpira wa vikapu ya nchi yake, wakati huo ikiitwa Zaire. Mwaka wa 1997 alianzisha wakfu wa kusaidia afya na elimu.

Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa katika kipindi cha machafuko, baada ya familia kushindwa kumfikisha hospitalini kwa sababu ya kafyu. Mwanawe aliyekuwa ameacha ndoto ya udaktari aliamua kujenga hospitali. Ujenzi uligharimu dola milioni 29, na zaidi ya nusu ya fedha hizo, dola milioni 15, zilitoka mfukoni mwake. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye vitanda 300, ilizinduliwa 2006 na kuanza kupokea wagonjwa 2007.

Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba alikuwa akitibiwa uvimbe wa ubongo. Maradhi hayo ndiyo yaliyomwua miaka miwili baadaye, jijini Atlanta.

Hakuacha kombe la ubingwa kabatini. Aliacha mitupo 3,289 ambayo haikufika kikapuni, na mjini alikozaliwa, hospitali iliyobeba jina la mama ambaye hakuwahi kufikishwa katika hospitali yoyote.