Masista waliorudi Uingereza na nguo za wafiadini

Aliyewazoea Wabenediktini wa Peramiho au Ndanda, na hospitali zao na shule zao, atawaona masista wenzao wa Stanbrook, Uingereza, kama watu wa aina nyingine. Hawa ni watawa wa ndani. Kazi yao ya kwanza ni sala, na hawatoki ovyo. Pamoja na hayo, historia yao imejaa kuhama.

Mfalme Henry VIII alikuwa amezifunga monasteri zote za Uingereza kufikia 1540, kwa hiyo binti Mkatoliki aliyetaka utawa alilazimika kuvuka bahari. Mwaka 1623 mabinti tisa walianza maisha hayo Cambrai, mji uliokuwa chini ya Wahispania. Mmoja wao, Helen More, alikuwa kilembwe cha Thomas More aliyekatwa kichwa na mfalme huyohuyo, na fedha za kuanzishia nyumba zilitoka kwa baba yake. Padri Augustine Baker aliwafundisha sala ya kimya. Wakubwa wengine waliitilia shaka njia hiyo, naye Helen, kwa jina la kitawa Gertrude, akaitetea kwa maandishi mpaka alipofariki kwa ndui mwaka 1633.

Miaka 170 ikapita tangu waanze Cambrai. Kisha Ufaransa ya mapinduzi, iliyokuwa sasa ikiutawala mji huo, ikaingia vitani na Uingereza, na Oktoba 1793 masista wakakamatwa na kupelekwa kufungwa Compiègne. Wanne walifia huko.

Juni 1794 waliletwa masista Wakarmeli wa mji huo katika jengo lilelile. Serikali ilikuwa imewavua kanzu za kitawa na kuwavisha kiraia. Julai 12 walikuwa wakifua nguo hizo za kiraia, nao wamejisitiri kwa masalio ya mavazi yao ya zamani, ndipo ikaja amri ya kuwapeleka Paris. Nguo zikabaki majini. Siku tano baadaye wote 16 walikatwa vichwa kwa gilotini. Robespierre, kiongozi wa mapinduzi, aliangushwa siku kumi tu baada yao, jambo ambalo hunikera kila ninapolisoma.

Waingereza nao waliamriwa kuvua kanzu, lakini hawakuwa na fedha za kununulia nguo nyingine. Wakapewa zile za Wakarmeli. Ndizo walizovaa waliposhuka Dover mwaka 1795, maskini kabisa, maktaba yao imebaki Ufaransa. Vipande vya nguo hizo vilitunzwa kama masalia ya watakatifu muda mrefu kabla Roma haijasema lolote: Wakarmeli hao walitangazwa wenyeheri 1906, na watakatifu Desemba 2024.

Baada ya kuhangaika huku na huku, mwaka 1838 walihamia Stanbrook, Worcestershire, wakajenga kanisa kubwa na kuendesha mtambo wa uchapaji uliosifika kwa vitabu vyake. Karne ya 20 idadi yao ilipungua, na jengo likawazidi nguvu. Mwaka 2009 wakafungasha tena, safari hii kwa hiari, wakaenda Wass, Yorkshire, kwenye monasteri mpya na ndogo. Ile ya zamani sasa ni hoteli, na watu hufanyia harusi humo.