Kamisheni Inatoka Mfukoni mwa Nani? Aina za Tovuti za Udalali Mtandaoni na Maslahi ya Msomaji

Mafunzo mengi ya biashara ya kamisheni mtandaoni huzigawa tovuti zake kwa sura. Kuna tovuti za tathmini ya bidhaa, za kulinganisha bei, za kuponi, za kumrudishia mnunuzi sehemu ya fedha yake, na zile za makala za kawaida ambamo viungo vya mauzo hupachikwa hapa na pale. Mgawanyo huu unamfaa anayetaka kufungua tovuti. Kwa mtafiti na mtunga sera haufai sana, kwa sababu unaeleza jinsi ukurasa ulivyopangwa na kunyamaza kuhusu fedha inakotoka. Ninapendekeza tuzipange tovuti hizi kwa maswali mawili: inamkuta mnunuzi katika hatua ipi ya kuamua, na kamisheni yake inatoka mfukoni mwa nani? Maswali hayo yakiulizwa, tovuti mbili zinazofanana kwa sura huweza kuwa mbali sana kimaadili, na aina moja iliyoota mizizi katika Kiswahili, tovuti ya mikeka ya kubeti, inajitenga na nyingine zote.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Mwaka 1994 duka la muziki la CDNow lilianza kuwalipa wenye tovuti walioelekeza wateja kwake, na Julai 1996 Amazon ikafungua mpango wake wa washirika, ambao ndio ulioifanya biashara hii ijulikane duniani. Kinachoiwezesha biashara hii ni kidakuzi, yaani faili dogo la kumbukumbu ambalo Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alilibuni mwaka huohuo wa 1994. Msomaji anapobofya kiungo, alama huachwa katika kivinjari chake; akinunua kabla alama haijaisha muda, mwenye tovuti hulipwa. Kwa Amazon muda huo kwa kawaida ni saa 24.

Alama hiyo ina kanuni moja inayoamua mambo mengi kuliko inavyodhaniwa. Katika mipango mingi, anayelipwa ni yule ambaye kiungo chake kilibofywa mwisho. Anayetaka kununua mashine ya kufulia huenda akasoma tathmini ndefu Jumatatu, akalinganisha bei Jumatano, na Ijumaa, akiwa tayari kulipa, akatafuta kuponi. Aliyemwelimisha Jumatatu hapati kitu. Aliyesimama mlangoni pa malipo Ijumaa anachukua kamisheni yote, hata kama mnunuzi alikwisha kuamua kitambo.

Kwa hiyo tovuti ya tathmini, ambayo ina gharama kubwa kuliko nyingine zote, ndiyo iliyo dhaifu zaidi katika mgawanyo wa malipo. Wirecutter, iliyoanzishwa na Brian Lam mwaka 2011, ilionyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa kwa heshima: waandishi wake hupima bidhaa kwa wiki kadhaa kabla ya kupendekeza moja au mbili. The New York Times iliinunua mwaka 2016 kwa takriban dola milioni 30. Lakini mfano huo ulifaulu kwa sababu ulikuwa na jina na wasomaji waliobofya kwa kuuamini. Mwandishi mdogo asiye na jina hutegemea injini ya utafutaji na ukarimu wa muuzaji, na ukarimu huo hukatwa bila majadiliano. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1.

Upande wa pili wako wanaosimama mlangoni pa malipo. Honey, programu inayojipachika kwenye kivinjari na kutafuta kuponi wakati wa kulipa, ilianza Los Angeles mwaka 2012, na mwishoni mwa 2019 PayPal ilitangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 4. Desemba 2024 uchunguzi uliotolewa YouTube, na kesi zilizofuata mahakamani Marekani, ulidai kwamba Honey ilikuwa inafuta alama ya mtu aliyemleta mnunuzi na kuweka ya kwake, hata pale ambapo haikupata kuponi yoyote. PayPal ilijibu kwamba Honey inafuata taratibu za sekta, ikiwemo ile ya mbofyo wa mwisho. Kwangu mimi jibu hilo lina uzito kuliko shutuma. Ikiwa utaratibu wenyewe unaruhusu anayefika mwisho kuvuna alichopanda mwingine, tatizo haliishi kwa kumwondoa mvunaji mmoja.

Tovuti za kulinganisha zinakaa katikati, na hapo ndipo swali langu la pili linapoanza kuuma. Anayelinganisha mikopo, bima au vifurushi vya intaneti anaahidi kutoegemea upande. Hata hivyo analipwa na wale anaowapanga, tena kwa viwango visivyolingana. Mwaka 2020 Tume ya Biashara ya Marekani ilimalizana na LendEdu, tovuti ya kulinganisha mikopo ya wanafunzi na bidhaa nyingine za fedha, kwa malipo ya dola 350,000, baada ya kuituhumu kwamba ilikuwa inauza nafasi za juu katika orodha huku ikiwaambia wasomaji kuwa orodha hizo hazikuathiriwa na malipo. Uingereza, kwa upande mwingine, MoneySavingExpert iliyoanzishwa na Martin Lewis mwaka 2003 ilijijengea desturi ya kuweka kinyota kando ya kila kiungo kinacholipiwa, na mara nyingi kiungo cha pili kisicholipiwa kwa asiyetaka kuchangia. Kwa sura tovuti hizi mbili ni ndugu. Tofauti yao ni kwamba moja ilimwonyesha msomaji fedha inapopita.

Dalali wa nyumba Dar es Salaam hudai kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji anamjua ni dalali tangu anapompigia simu. Ndiyo maana humsikiliza kwa tahadhari. Mtandaoni tahadhari hiyo haiamki, kwa sababu dalali amevaa joho la mwalimu au mwandishi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton uliochapishwa mwaka 2018 ulikagua mamia ya maelfu ya video za YouTube na zaidi ya machapisho milioni 2 ya Pinterest, ukakuta kwamba ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya maudhui yenye viungo vya kamisheni iliyomweleza mtazamaji uhusiano huo. Mwaka 2024 watafiti wa Leipzig na Weimar, Ujerumani, waliofuatilia kwa mwaka mzima maswali 7,392 ya kutafuta tathmini za bidhaa, walionyesha kwamba kurasa zinazoshika nafasi za juu zina viungo vingi vya kamisheni kuliko kawaida, na lugha yake ina dalili za ubora wa chini. Yaani kamisheni, ikiachiwa, haibadilishi tu anachopendekeza mwandishi. Inabadilisha pia nani anasikika.

Hadi hapa nimezungumzia biashara ambayo, pamoja na kasoro zake, humwacha mnunuzi na kitu mkononi. Amelipa, amepata mashine yake. Afrika Mashariki mambo yalichukua njia nyingine, na sababu zake ni za kimuundo.

Udalali wa vidakuzi unahitaji duka lenye tovuti, rukwama ya ununuzi na malipo yanayokamilika humohumo. Jumia, duka la mtandaoni lililokuwa na uwezo wa kutoa mazingira hayo, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ingawa Kenya ilibaki. Biashara ya rejareja mtandaoni ikashika njia ya Instagram na WhatsApp. Mnunuzi anaona picha ya gauni, anauliza bei, anatuma fedha kwa simu, bodaboda inaleta. Ni utaratibu unaofanya kazi vizuri, lakini hauna mahali ambapo alama ya aliyemleta mteja inaweza kuhifadhiwa. Mwandishi wa Mwanza anayeandika tathmini makini ya majiko ya gesi au simu za bei nafuu hana wa kumlipa, hata kama makala yake imeuza majiko mia. Katika utalii kiungo kipo, lakini mara nyingi kiko mikononi mwa wengine: mwandishi wa Ulaya anapendekeza hoteli ya Zanzibar kupitia Booking.com, hoteli inakatwa kamisheni na kampuni ya Amsterdam, na sehemu ya kamisheni hiyo inarudi kwa mwandishi.

Kubeti ni bidhaa isiyohitaji bodaboda. Mteja anajisajili kwa namba ya simu, anaweka fedha kwa simu, anapoteza au kushinda ndani ya mfumo uleule, na kila shilingi inaandikwa kwenye akaunti iliyounganishwa na kiungo au msimbo wa aliyemleta. Mambo yote ambayo duka la Instagram linayakosa, kampuni ya kubeti inayo. Haishangazi basi kwamba mtu anayetafuta kwa Kiswahili tovuti zinazoishi kwa kamisheni atakutana haraka na kurasa za mkeka wa leo: orodha ya mechi, utabiri kando ya kila moja, na juu yake kitufe cha kujisajili chenye bonasi ya ukaribisho.

Kwa sura hizi ni tovuti za maudhui. Kwa malipo ni kitu kingine kabisa. Kampuni za kubeti hulipa washirika kwa njia kuu mbili, kiasi maalumu kwa kila mteja anayejisajili na kuweka fedha, au mgawo wa mapato. Mgawo wa mapato maana yake ni sehemu ya kile ambacho wateja walioletwa wamekipoteza, na viwango vinavyotangazwa hadharani mara nyingi huwa kati ya asilimia 20 na 40. Mwenye tovuti anapata zaidi kadiri msomaji wake anavyopoteza zaidi.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuchukulie kampuni inajiwekea faida ya asilimia 5 katika kila mechi. Mtu akiweka shilingi 1,000 kwenye mechi moja, wastani wa kinachomrudia kwa muda mrefu ni 950. Akiunganisha mechi tano katika mkeka mmoja, wastani unashuka hadi takriban 774. Akiunganisha kumi, unafika kama 599. Ikiwa mgawo wa mwenye tovuti ni asilimia 30, basi kabla ya kodi na makato mengine mechi moja inampa wastani wa shilingi 15, na mkeka wa mechi kumi unampa kama 120, mara nane. Mkeka mrefu ndio unaovutia macho kwa sababu unaahidi milioni kwa buku moja, na ndio huohuo unaomlipa vizuri zaidi anayeupendekeza. Hatuhitaji kumtuhumu mtabiri yeyote kwa nia mbaya. Hata akiwa mkweli na mjuzi wa soka, mkataba wake unamvuta upande mmoja tu.

Wapo watakaosema kwamba wanaobeti ni watu wazima na kwamba wangepoteza hata bila utabiri. Sehemu ya kwanza naikubali. Ya pili haielezi kwa nini kampuni hulipa. Kampuni haimgawii mtu theluthi ya mapato kwa kazi isiyoongeza wateja wala dau. Wengine watasema mtabiri mbaya hukimbiwa na wasomaji. Katika tathmini ya jokofu hilo lina ukweli fulani, kwa kuwa jokofu bovu linaonekana. Katika mikeka bahati huwafunika wote: tovuti inayotoa mikeka mingi kwa siku itakuwa na mmoja uliotiki wa kutangaza kesho yake, na ile iliyochanika haitajwi.

Kwa hiyo tiba ya kawaida, yaani kumtaka mwenye tovuti atangaze kuwa analipwa, inatosha kwa aina moja na haitoshi kwa nyingine. Msomaji wa tathmini ya mashine ya kufulia akijua kuna kamisheni anaweza kupima maneno. Msomaji wa mkeka akiambiwa "tunapokea kamisheni" hajaambiwa jambo lenyewe, kwamba kamisheni hiyo ni sehemu ya fedha atakayopoteza. Kama kuna tamko, liseme hivyo kwa Kiswahili cha wazi, juu ya ukurasa, kando ya kitufe cha kujisajili.

Kuwalenga wenye tovuti mmoja mmoja ni njia tuliyokwisha kuijaribu kwa madhumuni mengine, na tunajua inakofikia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 za maombi, leseni na ada ya mwaka, na waandishi wengi wakafunga kurasa zao. Mzigo ulimwangukia mwandishi asiye na kipato. Tovuti yenye kamisheni kubwa huweza kulipa, au kuhamia seva ya nje. Kenya, Aprili 2025, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Hatua hiyo ilikuwa na uzito, lakini mikataba ya mgawo haiishi tangazo linapositishwa, kwa sababu wateja walioletwa zamani wanaendelea kumwingizia dalali wao fedha kila wanapopoteza.

Uingereza inatoa somo lenye manufaa zaidi. Septemba 2017 mamlaka ya matangazo ya huko ilizikuta na hatia kampuni nne za kamari kwa sababu ya matangazo ya washirika wao yaliyoandikwa kama habari, kuhusu mtu mwenye madeni na mke mgonjwa aliyeokolewa na ushindi wa kasino. Kampuni zilijitetea kwamba walioandika ni washirika. Utetezi huo haukukubaliwa, na mwezi uleule Sky Bet, mojawapo ya kampuni hizo, ilifunga mpango wake wote wa washirika nchini humo. Tume ya Kamari ya Uingereza nayo humtaka mwenye leseni awajibike kwa matendo ya wanaomletea wateja.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania na msimamizi wa kamari wa Kenya wana leseni mkononi, na leseni huja na masharti. Sharti la kwanza liwe kwamba kampuni yenye leseni hailipi mgawo wa hasara za wateja kwa yeyote anayetoa utabiri. La pili, kampuni ikabidhi kwa msimamizi orodha ya tovuti, kurasa na misimbo yote inayoilipa, pamoja na aina ya malipo. Masharti hayo hayahitaji kumjua mwandishi wa kila mkeka wala kufunga tovuti yoyote, kwa kuwa majina yote tayari yamo katika daftari la malipo la kampuni.