Kutoka Saa ya Mpimaji hadi Setilaiti: Historia ya Kubaini Mahali katika Mpaka wa Gisenyi

Mpaka unaotenganisha Gisenyi na Goma una asili katika zama ambazo waliouchora hawakujua Ziwa Kivu liko wapi. Tamko la Dola Huru ya Kongo la Agosti 1885 lilitaja mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi makutano ya longitudo 30° mashariki na latitudo 1°20′ kusini. Von Götzen alipofika Kivu mwaka 1894, ilianza kudhihirika kwamba mstari huo uliliacha ziwa zima upande wa Kongo. Mgogoro uliofuata ulisuluhishwa kwa mapatano ya Brussels ya 1910: Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, Goma kwa Wabelgiji. Wenyeji wa Bugoyi, waliolijua ziwa lao, hawakuulizwa.

Ugumu wa wapimaji ulikuwa saa. Latitudo ilipatikana kwa kupima kimo cha jua au nyota. Longitudo ilidai kujua saa ya mahali pa mbali palipokwisha kupimwa. Kosa la dakika moja tu karibu na ikweta lilihamisha mahali kwa takriban kilomita 28.

Mfumo wa GPS, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na kukamilika mwaka 1995, haukuiondoa saa. Uliifanya kuwa msingi. Kipokezi hupima muda wa safari ya mawimbi kutoka setilaiti zisizopungua nne, ya nne ikihitajika kusahihisha saa ya kipokezi chenyewe. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300.

Kipokezi kilichozimwa kwa muda mrefu huchelewa kwa sababu hakijui setilaiti zipi ziko juu yake. Hulazimika kuzitafuta, kisha kusoma taarifa za njia ya kila moja, zinazotumwa kwa biti 50 kwa sekunde na kurudiwa kila sekunde 30. Ratiba ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Simu hufupisha kazi hiyo kwa kupokea taarifa hizo kupitia mnara wa mtandao, hivyo hubaini mahali kwa sekunde chache.

Kwa hiyo, kasi ya kubaini mahali hutokana na maarifa yaliyotangulia. Mwaka 1885 kalamu ilitangulia kipimo, na ndugu wa pande mbili za mpaka wangali wanaishi na matokeo yake.