Samesame na Bubu: Shanga za Kioo katika Njia ya Misafara

Dhana iliyozoeleka kwamba shanga za kioo zilikuwa vikorokoro ambavyo wageni waliwahadaa navyo watu wa bara haiafikiani na kumbukumbu za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji katika karne ya 19, kwani aliyepata hasara upesi ni mfanyabiashara aliyefika na rangi isiyotakiwa. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia 1857, alitaja aina zipatazo 400, na msafiri mwingine, Henry Stanley, aliandika kuwa bubu, yaani shanga nyeusi, zilipokewa Ugogo lakini kwingine hazikununua kitu, ilhali Unyamwezi ilitakiwa samesame, ushanga mdogo mwekundu wenye kiini cheupe.

Sehemu kubwa ya shanga hizo ilitengenezwa Venice na katika kisiwa jirani cha Murano, kwa kazi iliyohitaji wepesi wa mkono na wa miguu pia. Fundi alichota donge la kioo kilichoyeyuka, akaacha uwazi wa hewa katikati na kulivika tabaka la rangi, kisha donge likavutwa na watu waliokwenda mbio wakiachana, hadi likawa mrija mwembamba wa makumi ya mita ambao tundu lake halikukatika popote. Mrija ulikatwa vipande vidogo, vikachanganywa na unga wa chokaa na makaa ili matundu yasizibe, vikarudishwa motoni mpaka kingo zikalainika. Baada ya kuchekechwa, vilitungwa na wanawake waliolipwa ujira mdogo mno kwa kazi iliyochosha macho. Kwa kuwa mrija ulivutwa kwa mkono, shanga za namna hii, zikitazamwa kwa karibu, hazilingani kabisa kwa urefu wala unene.

Unguja ziliuzwa kwa frasila, uzani wa takriban kilo 16, lakini bara zilihesabiwa kwa kete, yaani uzi wa shanga uliokunjwa mara mbili kutoka kidole gumba hadi kiwiko, na kete 10 zilifanya fundo moja. Kipimo hicho, bila shaka, kilimfaa muuza chakula mwenye mkono mrefu. Sarafu za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizoanza kutolewa 1890, zilisaidia kuuondoa ushanga katika malipo, ila si katika mapambo, ambako Wamaasai leo hutumia zaidi shanga za kiwandani kutoka Ucheki.