Chaji ya Tone la Mafuta: Mgogoro Usiokwisha

Nilipoanza kusoma historia ya kemia, nilidhani maswali mepesi yalijibiwa zamani. Hili halijajibiwa: kwa nini tone la mafuta safi ndani ya maji huwa na chaji hasi? Mafuta kama heksadekani hayana ncha za umeme, wala ioni. Hata kiputo cha hewa, kikiwa majini kati ya elektrodi mbili, huelekea upande wa chanya. McTaggart alipima mwendo huo wa viputo mwaka 1914.

Jibu lililopata nguvu ni haidroksidi, ioni hasi itokayo kwenye maji yenyewe. Mwaka 1996 Marinova na wenzake waliona kuwa chaji ya matone hukua kadiri pH inavyopanda, na hukaribia sifuri katika maji yenye asidi nyingi. Mwaka 2004 Beattie na Djerdjev, wa Sydney, walivunjavunja mafuta ndani ya maji kuwa matone madogo mno. Kila eneo la mafuta lilipoongezeka, pH ilitaka kushuka, nao wakawa wanaongeza alkali kuizuia. Walihesabu takriban chaji moja kwa kila nanomita 3 za mraba. Nilipofika hapo nilifunga daftari nikijua kesi imekwisha.

Nilikosea. Mwaka 2012 Roger na Cabane, wa Ufaransa, walidai kwamba mhusika ni uchafu: mabaki kidogo sana ya asidi za mafuta yaliyomo hata kwenye mafuta yanayouzwa kama safi. Asidi hizo nazo huachia protoni pH inapopanda. Kwa hiyo vipimo vilevile nilivyoviamini vinaweza kutumiwa na upande wa pili! Beattie hakukubali. Mimi pia nasita, kwa sababu kama ni uchafu, mbona mafuta ya aina mbalimbali, na hewa pia, hutoa tabia inayofanana?

Kisha mwaka 2021 kundi la Sylvie Roke, la Lausanne, likaleta maelezo yasiyohitaji haidroksidi wala uchafu: molekuli za maji humegea mafuta sehemu ndogo ya chaji ya elektroni zake. Hoja hiyo inanivutia kuliko zote. Lakini haielezi ile alkali ya Sydney ilikuwa ikienda wapi.