Desemba ya Mgeni: Krismasi Ndani ya Kalenda ya Wajapani

Novemba 1640, ghala jipya la mawe la Waholanzi katika bandari ya Hirado, magharibi mwa Japani, lilivunjwa kwa sababu ya tarakimu nne. Waholanzi walikuwa wamechonga juu ya ukuta wake mwaka lilipojengwa, 1639, wakihesabu tangu kuzaliwa kwa Kristo kama walivyozoea kwao. Inoue Masashige, afisa wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, aliyekabidhiwa kazi ya kuwasaka Wakristo, aliiona hesabu ile akaamuru jengo libomolewe. François Caron, aliyekuwa mkuu wa kituo hicho cha Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, hakubisha hata neno. Alitii, na kwa utii huo biashara ya Waholanzi ikanusurika.

Nimelitanguliza ghala hilo kwa sababu naamini kwamba historia ya Krismasi ya wageni Japani ni historia ya kalenda kabla ya kuwa historia ya miti na taa. Mgeni huja na sikukuu yake moyoni, lakini siku ya kuisherehekea huipata kwa mwenyeji.

Miaka 88 kabla ya hapo mwenyeji alikuwa mkunjufu. Francis Xavier, ambaye Wakatoliki wetu humwita Fransisko Ksaveri, alifika Kagoshima mwaka 1549. Ni yuleyule aliyekuwa ametia nanga Malindi mwaka 1542, meli yake ikielekea Goa. Alipoondoka Japani alimwacha padre mwenzake, Cosme de Torres, katika mji wa Yamaguchi, na mtawala wa huko akawapa Wajesuiti idhini na kiwanja. Desemba 1552 Torres na wenzake waliwaalika waumini wa Kijapani kwenye misa ya kuimbwa, na watu wakakesha. Juan Fernández, bruda aliyekimudu Kijapani kuliko wenzake, aliwasomea habari za maisha ya Yesu usiku ule, na sauti ilipomchoka, kijana wa Kijapani alikipokea kitabu akaendelea kusoma. Misa hiyo ndiyo ya kwanza ya Krismasi kuandikwa katika historia ya nchi hiyo, na hadi leo kila Desemba Yamaguchi hujitangaza kuwa mji wa Krismasi. Mimi kinachonigusa zaidi ni kile kitabu kuhama mikono. Usiku haujaisha, sikukuu ya mgeni tayari ilikuwa ikisomwa kwa sauti ya mwenyeji.

Kisha milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, aliwaamuru wamisionari waondoke mwaka 1587, Wakristo 26 wakasulubiwa Nagasaki mwaka 1597, na ukoo wa mashogun wa Tokugawa ukaipiga marufuku dini hiyo nchi nzima mwaka 1614. Wareno walifukuzwa mwaka 1639. Wazungu waliosalia walikuwa Waholanzi peke yao, na mwaka 1641 wakahamishwa Hirado na kuwekwa Dejima, kisiwa kilichojengwa kwa mikono katika bandari ya Nagasaki, chenye umbo la pepeo lililokunjuliwa, na daraja moja tu lenye walinzi.

Pale Dejima ibada ya hadharani ilikatazwa. Vitabu vya dini vilivyokuja na meli vilifungiwa ndani ya mapipa na kupigiliwa misumari hadi meli itakapoondoka. Krismasi ingepitaje? Waholanzi waliangalia walichoruhusiwa majirani zao. Wafanyabiashara wa Kichina wa Nagasaki walikuwa na karamu yao ya siku fupi kuliko zote za mwaka, ambayo huangukia tarehe 21 au 22 Desemba, na hakuna aliyewazuia. Basi Waholanzi nao wakafanya karamu siku hizohizo, na Wajapani wakaiita Oranda Toji, yaani siku fupi ya Waholanzi. Siku chache baadaye, tarehe 1 Januari, walialika maofisa na wakalimani wa Kijapani kwenye karamu ya Mwaka Mpya, safari hii bila kuficha chochote, wakawaandalia nyama na divai.

Siwezi kuwasifu wafanyabiashara hao kama mashujaa wa imani. Ni wao waliompa shogun meli na mizinga mwaka 1638 ili awapige Wakristo waliojifungia katika ngome ya Hara, wakati wa uasi wa Shimabara. Hata hivyo, mtu aliye mbali na kwao kwa miaka, kwenye kisiwa kidogo ambacho hawezi kutoka bila ruhusa, akitafuta njia ya kula pamoja na wenzake siku aliyozaliwa Mwokozi wake, anastahili kueleweka. Kumwita mnafiki ni kusahau uzito wa ile amri ya Hirado.

Karamu ya Mwaka Mpya ya Dejima ilivuka daraja bila Waholanzi wenyewe. Tarehe 1 Januari 1795, tabibu Otsuki Gentaku aliwakusanya wasomi wa elimu ya Kiholanzi katika shule yake mjini Edo, Tokyo ya leo, wausherehekee Mwaka Mpya kwa kalenda ya wageni. Mchoro wa Ichikawa Gakuzan unaotuonyesha siku hiyo umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Waseda. Wanaume karibu 30 wameketi kuzunguka meza, wamevaa kimono, na mbele yao kuna glasi za kinywaji, visu na uma. Ukutani imetundikwa picha ya tabibu wa Kizungu. Kati ya waalikwa alikuwamo Daikokuya Kodayu, nahodha ambaye meli yake ilipotezwa na dhoruba, akaishi Urusi miaka mingi kabla ya kurudishwa mwaka 1792. Huyo ndiye aliyekuwa ameishi ugenini kwelikweli, na bila shaka alielewa kuliko wote ukumbini maana ya kuhesabu siku kwa kalenda isiyo ya kwenu.

Mikataba ya 1858 iliwapa wageni haki ya kuabudu ndani ya makazi yao, lakini Wajapani hawakuhusika. Kanisa Katoliki lilipofunguliwa Yokohama mwaka 1862, baadhi ya Wajapani waliokwenda kulitazama walikamatwa. Mabadiliko yenyewe yalikuja mwaka 1873. Januari ya mwaka huo serikali mpya ya Mfalme Meiji iliiacha kalenda ya zamani, iliyofuata mwezi, ikachukua ile ya Ulaya. Februari ikayaondoa mabango ya kupiga marufuku Ukristo. Kwa wakati mmoja sikukuu ikapata ruhusa na tarehe. Ilichukua miaka 233 tangu ghala la Hirado libomolewe.

Mwaka uliofuata, katika makazi ya wageni ya Tsukiji mjini Tokyo, Hara Taneaki, aliyekuwa amebatizwa karibuni na wamisionari wa Kimarekani, aliandaa sherehe ya Krismasi pamoja na Wajapani wenzake. Baba Krismasi aliingia amevaa vazi rasmi la samurai, upanga kiunoni.

Baada ya hapo sikukuu ilienea kupitia maduka zaidi ya makanisa. Meidi-ya ilianzishwa Yokohama mwaka 1885, ikiuza vyakula vya nje kwa meli na wageni; ilipohamia Ginza, mwaka 1904 ikapamba duka lake kwa Krismasi. Fujiya, iliyofunguliwa mwaka 1910 Motomachi, mtaa waliokuwa wakinunua wageni wa Yokohama, iliuza keki za Krismasi. Wapo wanaoibeza Krismasi ya Wajapani kwa kuwa imejaa keki ya krimu na stroberi kuliko sala. Mimi naona kwamba kila Desemba keki ile huweka mezani kumbukumbu ya bandari, ya watu waliotamani ladha ya kwao. Hata kuku wa kukaanga ana habari inayofanana: kampuni ya KFC, iliyoingia Japani mwaka 1970, husimulia kwamba kampeni yake ya Krismasi ya mwaka 1974 ilitokana na mteja wa kigeni aliyekosa bata mzinga.

Kuna kipindi ambacho 25 Desemba ilikuwa siku ya mapumziko Japani, tangu 1927 hadi 1947. Kristo hakuhusika. Mfalme Taisho alifariki tarehe 25 Desemba 1926, na nchi ilikuwa ikimkumbuka. Siku hizi ni siku ya kazi kama nyingine. Mfilipino wa kiwandani na Mvietnamu aliye kwenye mafunzo ya kazi huenda zamu zao. Wafilipino wana novena ya siku tisa kabla ya Krismasi, ambayo kwao husaliwa alfajiri. Japani parokia nyingi huiweka jioni, watu wakishatoka kazini. Katika Kanisa la Mtakatifu Ignasi, Yotsuya, misa husomwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kireno na Kivietnamu pia.

Wakenya nao wamo. Joseph Otwori alikimbia mbio za kupokezana za Hakone mwaka 1989, na tangu hapo vijana wengi wamemfuata, wakiwa wanafunzi au waajiriwa wa makampuni. Mashindano makubwa ya makampuni hufanyika tarehe 1 Januari, na yale ya Hakone tarehe 2 na 3, Wajapani wakiyatazama kwenye televisheni wakiwa na jamaa zao, kwa kuwa Mwaka Mpya ndiyo sikukuu yao ya kurudi nyumbani. Kwa mkimbiaji aliyetoka Nyahururu au Kisii, Krismasi huangukia wiki ambayo kocha hatoi ruhusa. Wenye nafasi zaidi huenda misa ya jioni ya tarehe 24, na karamu yenyewe husogezwa hadi Jumapili iliyo karibu.